Pweza wa nazi kama wa mgahawani Mtwara: mwongozo kamili kwa waliokwisha kushindwa

Malalamiko ni yaleyale. Mtu kaja Mtwara kikazi, kala pweza wa nazi kwenye mgahawa maeneo ya Shangani, karudi kwake Dodoma au Morogoro, kanunua pweza, kapika, kaambulia vipande vya kandambili vinavyoelea kwenye maji ya njano. Wengine ni wenyeji kabisa, wamekulia Mikindani, na bado pweza wao hatafuniki. Mimi mwenyewe niliharibu watatu kabla wa nne hajakubali.

Karibu kila aliyenisimulia alivyoshindwa ameteleza pale pale: katia maji, kakata tamaa dakika ya 20, halafu kalichemsha tui zito kama maharage. Kisha anadhani kakosa kiungo cha siri, anaongeza masala, na mambo yanazidi kuharibika. Historia ya pweza tuiache, tuingie jikoni.

Mahitaji (watu wanne au watano)

- Pweza mmoja wa kilo 1.5 hadi 2. Akiiva atapungua karibu nusu, kwa hiyo usinunue kwa macho.
- Nazi kavu 2 kubwa
- Korosho konzi moja (kama gramu 60), zilizobanguliwa lakini hazijakaangwa
- Vitunguu maji 2 na nyanya 3 zilizoiva hasa
- Kitunguu saumu punje 6, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Bizari ya manjano kijiko 1 cha chai kisichojaa, bizari nyembamba nusu kijiko
- Pilipili mbuzi 1, nzima, isiyo na jeraha
- Ndimu 1
- Mafuta ya kula vijiko 3 vya chakula
- Chumvi ya mawe konzi moja ya kusugulia, na chumvi ya kawaida ikae mbali kwanza

Vyombo: sufuria nzito yenye mfuniko unaokaa sawasawa, mbuzi ya kukunia, kifumbu au chujio, kinu au blenda, upawa, na jiko la mkaa. Gesi inafaa kwa hatua zote isipokuwa moja, nitakuambia ipi.

Tenga saa tatu. Nyingi ni za kusubiri.

Hatua ya 1: Nenda kale tena, safari hii ukisikiliza ulimi

Hatua hii watu wanairuka. Ukimuuliza mtu pweza alikuwaje, atakwambia "mtamu". Hata chai ni tamu. Kwa neno hilo peke yake hutapika kitu.

Ukiletewa sahani, usianze na nyama. Chota mchuzi mtupu, kijiko kimoja, ukae nao mdomoni. Kimetangulia nini? Kimefuata nini? Ukishameza, kimebaki nini, na kimebaki wapi: ulimini, kooni, puani, au midomoni? Andika papo hapo kwenye simu, kwa maneno ya kawaida. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kwa kazi hii: kitu kinaweza kuwa chapwa, kinaweza kuwa na uchachu, ukakasi, vumba, kinaweza kuwa kimekolea au kimepitiliza.

Mimi niliandika hivi: "Utamu kwanza, wa korosho ukiitafuna taratibu. Chini yake chumvi, lakini chumvi ya bahari. Pilipili inanukia, haiwashi. Nikimeza, moshi puani. Midomo inanata."

Nikazunguka na karatasi hiyo kama mwezi mzima bila kuielewa, mpaka nilipogundua kwamba kila sentensi inaelekeza kwenye jambo moja la kufanya. Utamu ule ulikuwa korosho yenyewe, imesagwa ndani ya mchuzi. Chumvi ya bahari ilikuwa maji ya pweza, si ya pakiti. Pilipili iliwekwa nzima ikatolewa nzima. Moshi ulikuwa mkaa. Na kunata kwa midomo kulitoka kwenye ngozi ya pweza, ambayo mimi nilikuwa naimenya na kuitupa! Tazama orodha hiyo uone: hakuna hata jambo moja lililohitaji kiungo cha ziada.

Hatua ya 2: Kumpata pweza

Pweza mzuri wa huku anafuata maji. Bamvua likiingia, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku chache zinazofuata, bahari inakupwa sana, miamba inabaki wazi na wachokoaji wanaingia kwa miguu. Siku hizo ukifika Feri, soko la samaki la hapa Mtwara, mapema unakuta wengi na wabichi. Kwenye maji mafu, bahari isipokupwa sana, wanakuwa wachache, na anayeuzwa huenda kalala kwenye barafu siku kadhaa. Walioko Lindi na Kilwa wanaijua kalenda hii kuliko mimi. Kule visiwani Songosongo kuna miamba inayofungwa kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, ikifunguliwa wanatoka wakubwa.

Mguse. Ngozi iwe na utelezi lakini isichunike, vikombe vya mikononi viwe vinang'ang'ania kidogo kidole, na harufu iwe ya maji ya bahari. Ukisikia vumba, mwache hapo hapo, hata muuzaji akushushie bei vipi. Ndimu haiondoi vumba, inalifunika tu mpaka mchuzi upate moto.

Usichukue wa chini ya nusu kilo. Kanuni za uvuvi zinakataza kumvua, na hata sufuriani anaisha.

Kwa walioko mbali na bahari, pweza wa friza si wa kudharau. Nasema hivi nikijua wajomba zangu watanuna. Barafu inapoganda ndani ya nyama inazipasua nyuzi, kwa hiyo pweza aliyegandishwa usiku mmoja au miwili akayeyushwa taratibu analainika upesi kuliko wa asubuhi ile. Hata mimi ninayekaa karibu na Feri huwa namgandisha. Ukifanya hivyo huna haja ya kumpigiza sakafuni mara 40 mpaka majirani waulize kuna nini.

Hatua ya 3: Kumsafisha

Geuza kichwa ndani nje, kama unavyogeuza soksi. Toa matumbo yote na kifuko cha wino, taratibu kisipasuke. Kata macho. Kisha mgeuze, katikati ya mikono minane utakuta mdomo mgumu kama wa kasuku. Usukume kwa kidole gumba uchomoke.

Sasa chukua chumvi ya mawe, mwage juu yake, msugue kama unafua kola ya shati, hasa ndani ya vikombe ambamo mchanga hujificha. Utatoka ute wa kijivu wenye povu. Suuza kwa maji mengi, rudia mpaka akamatike mkononi bila kuponyoka.

Ngozi iache. Na usimloweke kwenye ndimu: asidi inaikaza nyama juu kabla hata hujawasha moto.

Hatua ya 4: Kumwivisha bila maji

Hapa ndipo pweza wangu watatu walipofia, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Mpishi wa ule mgahawa ni mama wa makamo, hapendi maswali. Nilimzoea kwa kula kwake kila Ijumaa. Siku moja nikamwelezea ninavyofanya: najaza maji, natia chumvi, nachemsha kwa moto mkali. Aliacha kukata vitunguu akanitazama.

"Maji umetia ya nini? Pweza ana yake."

Basi. Akarudi kwenye vitunguu.

Mweke pweza mzima kwenye sufuria kavu. Usitie maji, chumvi wala mafuta. Funika. Anza na moto wa wastani kwa dakika tano, kisha punguza: kwenye mkaa, toa makaa mengine yabaki machache, kwenye gesi, moto wa chini kabisa. Ukifunua dakika ya kumi utamkuta amejikunja kama ngumi, amekuwa mwekundu, na anaogelea kwenye maji yake. Hayo ndiyo maji mama aliyokuwa anayasema. Ukimwongezea ya bomba, ladha yake inahamia kwenye maji mengi unayokuja kuyamwaga, na wewe unabaki na nyama chapwa.

Sasa sikiliza vizuri. Joto la mwanzo linamkaza pweza. Kati ya dakika ya 15 na ya 30 atakuwa mgumu kuliko alipoingia. Ukimwonja wakati huo utaapa kwamba ni mzee, au muuzaji kakudanganya. Hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kuzima, au wanaongeza moto kwa hasira, au wanakimbilia magadi. Usifanye lolote. Nyama yake imefungwa kwa kolajeni, nayo huyeyuka kwa joto dogo la muda mrefu, halafu inageuka kitu laini chenye kunata. Moto mkali hauharakishi jambo hilo, unamkausha tu.

Magadi yatamfanya anuke sabuni. Papai bichi linailainisha nyama ya juu mpaka ifanane na uji huku ya ndani ikibaki vilevile. Nimejaribu yote mawili.

Pweza wa kilo 1.5 anachukua saa moja hadi saa moja na robo. Aliyegandishwa anaweza kuiva dakika ya 45. Anza kumpima dakika ya 40: choma kwa ncha ya kisu sehemu nene ya mkono, pale unapoungana na kichwa. Kisu kikikwama, funika. Kikiingia kama kwenye kiazi kilichoiva lakini mkono haukatiki wenyewe, tayari. Zima na umwache apoe ndani ya maji yake nusu saa. Ukimtoa akiwa wa moto anakauka na ngozi inachubuka.

Maji yaliyobaki yatakuwa kikombe kimoja na nusu hivi, au viwili, yenye rangi ya juisi ya rozela. Yachuje, uyaonje. Ni ya chumvi na yana uzito fulani ulimini. Haya ni nusu ya mchuzi wako, mtu asije akayamwaga akidhani anakusaidia kuosha vyombo.

Hatua ya 5: Mkaa

Hii ndiyo hatua ambayo gesi haiwezi. Tenganisha mikono, paka mafuta kidogo, ilaze kwenye wavu juu ya mkaa unaowaka bila ndimi za moto. Dakika mbili kila upande. Unatafuta mistari michache myeusi na ncha za mikono zinazoanza kukakamaa. Ukizidisha unapata mishikaki ya pweza, ambayo ni chakula kingine.

Kata kwa mshazari, vipande vya urefu wa kidole. Vidogo zaidi vinapotea kwenye mchuzi.

Hatua ya 6: Tui na korosho

Tikisa nazi kabla ya kununua. Isiyolia maji iache. Ikune nyama nyeupe tu, ukifika kwenye ganda la kahawia simama, kwa sababu unga wake unatia rangi na uchungu.

Tui la kwanza: maji ya uvuguvugu nusu kikombe kwa kila nazi, fikicha kwa mkono, kamua kwenye kifumbu. Upate kama kikombe kimoja kizito. Liweke mbali kabisa na jiko, maana kishawishi ni kikubwa. Rudisha chicha, ongeza maji vikombe viwili, kamua tena. Hilo ni tui la pili. La pakiti linakubalika kama huna namna, ila harufu haitafanana.

Korosho zitwange au zisage na vijiko vitatu vya tui la pili mpaka ziwe laini kama siagi, bila chembe. Nunua zilizobanguliwa. Usijaribu kubangua mbichi nyumbani: mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na watu wa Mtwara wanaofanya kazi hiyo wanajua wanachokifanya. Waulize pia wageni wako kama kuna mwenye mzio wa korosho. Akiwepo, ziache zote, mchuzi utakuwa mwepesi kidogo lakini utalika.

Hatua ya 7: Kuunga

Pasha mafuta, tia vitunguu, moto wa wastani. Vilainike na kung'aa, visiwe kahawia. Kitunguu kilichoungua kitaumeza ule moshi wa mkaa ulioutafuta. Tia saumu na tangawizi zilizopondwa, kisha bizari zote mbili. Zigeuze nusu dakika tu ndani ya mafuta mpaka jikoni kunukie. Ndipo nyanya. Hizi zikaange mpaka zivunjike kabisa na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Ukiwa na haraka hapa, mchuzi utakuwa na uchachu wa nyanya mbichi ambao hautaondoka.

Mimina maji ya pweza. Yaache yachemke wazi, yapungue karibu nusu. Onja kila dakika chache: yakishakuwa na chumvi ya kutosha ulimini, acha kuyapunguza, hata kama hayajafika nusu. Tui litakuja kuyatuliza kidogo.

Tia tui la pili, likianza kutokota tia korosho. Kuanzia hapa mwiko usitoke mkononi, kwa sababu korosho hushika chini na kuungua kimyakimya. Dakika nane hivi mchuzi utaanza kuupaka mwiko mgongoni. Rudisha pweza, dumbukiza pilipili mbuzi nzima ielee juu, dakika kumi za moto mdogo. Isipasuke. Ikipasuka, mchuzi wote utageuka shindano la uvumilivu.

Mwisho, tui la kwanza. Punguza moto mpaka mchuzi unatikisika tu. Mimina taratibu huku unateka mchuzi kwa upawa na kuurudisha, unateka na kuurudisha. Usifunike na usiache uchemke kwa nguvu, la sivyo tui litakatika: mafuta juu, maji chini, vijiwe vyeupe katikati. Dakika tatu au nne, harufu ya nazi mbichi ikigeuka kuwa ya nazi iliyoiva, ondoa jikoni.

Sasa, kwa mara ya kwanza, fikiria chumvi. Mara nyingi haihitajiki. Ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa tayari chini, nusu tu, maana ndimu kwenye tui linalochemka inalikata. Pweza wangu wa nne nilimpelekea yule mama kwenye hotpoti. Alionja kipande kimoja, akasema ndimu imezidi. Akachukua kipande cha pili, hakusema kitu.

Hatua ya 8: Mwache

Toa pilipili, funika, ondoka. Dakika 20 kwa uchache, nusu saa ni bora. Mgahawani pweza anapikwa asubuhi na wewe unamla saa saba mchana. Ile ladha unayoikumbuka ni ya mchuzi uliotulia, viungo vimeshaingia kwenye nyama. Wa nyumbani tunaupakua ukiwa bado unafoka, kisha tunalalamika haujakolea.

Umefaulu ukiona haya: mchuzi una rangi ya kutu hafifu, umefunika kipande bila kuteleza, na juu una matone machache tu ya mafuta. Kipande kinakatika kwa jino la mbele lakini kinakupinga kidogo. Na midomo inanata.

Wa kula na nini

Ugali wa muhogo, kwa maoni yangu, ndio mwenzake hasa. Wali uwe mweupe. Wali wa nazi juu ya pweza wa nazi ni kumchosha mlaji kabla hajafika katikati. Msimu wa ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, ukikukuta, chemsha, menya, chovya kwenye mchuzi huo kama kianzio wakati watu wanasubiri. Wageni wa bara huwa wanaisahau sahani kubwa.

Ukikwama

Tui limekatika: ondoa jikoni, saga kijiko kimoja cha korosho na maji kidogo, changanya kwa nguvu. Halitarudi lilivyokuwa, ila macho hayatajua.

Chumvi imezidi: ongeza tui la pili, au kama limeisha, tia maji ya moto kwenye chicha na ukamue mara ya tatu. Viazi vya kunyonya chumvi ninavyosikia watu wakivisifia havijawahi kunisaidia.

Pweza bado mgumu na mchuzi umeshakamilika: mchote vipande vyote, vichemshe pembeni na upawa mmoja wa mchuzi na maji kidogo, mfuniko juu, moto mdogo, mpaka vikubali. Usiuchemshe mchuzi wote kwa ajili yake.

Uliobaki: kwa joto letu, chakula cha nazi hakilali nje. Ukipoa uingie kwenye friji usiku huo huo, na kesho yake upashwe kwa moto mdogo huku unauteka kwa upawa. Ukifunua ukasikia uchachu ambao jana haukuwepo, umeshachacha, mwaga.